Mjane wa Polisi: Sadaka au Deni?

Bunagana, mpakani mwa Kongo na Uganda, ilitwaliwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022. Polisi akifa kazini mahali kama hapo, serikali yawiwa nini na mjane wake? Wengine husema ni sadaka. Wakosea. Sadaka yategemea moyo wa mtoaji. Bali mume huyu alikwisha kutoa uhai wake katika kazi aliyotumwa. Torati ilikataza hata ujira wa kibarua kulala kwa tajiri usiku mmoja. Basi mjane ambaye hati yake ya ndoa ilibaki kijijini alikokimbia, haombi, anadai. Na karani anayelificha jalada lake mpaka apewe kitu, ameiba. Akiungama, sharti arudishe.