Barua Iliyolala kwenye Foleni

Chama cha ushirika ninachokisimulia hapa ukikitafuta kwa Mrajis hutakipata. Nimekibuni, nikakiweka Ifakara kwa kuwa mpunga wa bonde la Kilombero una wanunuzi wa mbali wanaoandikiwa barua pepe. Makosa yake ndiyo ya kweli.

Mavuno yalipoiva, katibu, kijana mchapakazi, aliona aibu kuwaandikia wafanyabiashara kwa anwani yake binafsi ya Gmail. Akasajili jina la kikoa linaloishia na .tz, akaichukua kompyuta kongwe ya ofisini, akaiwekea Ubuntu na Postfix, ile programu ya Wietse Venema iliyotoka mwaka 1998, kisha akaiunga kwenye modemu ya laini ya simu. Akajiandikia barua humo humo. Ikafika papo hapo. Akawaandikia wanunuzi wa Dar es Salaam bei ya mpunga.

“Mwanangu, ile bei imefika?” akauliza mwenyekiti.

“Imeshatoka, mzee.”

Haikutoka. Barua ya kujiandikia haivuki mlango wa ofisi, kwa hiyo jaribio lake halikupima chochote. Ile ya Dar es Salaam ilikuwa kwenye foleni. Postfix ikikwama kwa muda haikati tamaa: hujaribu tena na tena kwa siku 5, na usipobadilisha mipangilio inayokuja nayo, haimwambii mtumaji neno mpaka muda huo uishe. Barua iliporudi, mnunuzi alikuwa ameshapakia mchele wa Mbeya.

Amri moja tu, mailq, ingemwonyesha foleni ile siku ile ile. Faili la /var/log/mail.log lingemtajia na sababu: kila seva yake ilipobisha mlango namba 25 wa seva ya upande wa pili, muda uliisha bila jibu. Watoa huduma wengi wa intaneti huufungia wateja wa kawaida mlango huo, ili kompyuta zenye virusi zisimwage barua taka. Katibu hakusoma. Alianza kugusa mipangilio, huu na ule, hadi asijue tena kipi alikibadilisha na kwa nini. Kwangu mimi, kosa hili linalizidi lile la mlango.

Baadaye akakodi seva Ulaya, yenye mlango 25 ulio wazi. Sasa barua zikatoka, Gmail ikazikataa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji, hata wa barua chache, awe na SPF, yaani tangazo la seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, au DKIM, yaani sahihi ya kidijitali ndani ya kila barua. Tena anwani ya IP iwe na jina, na jina hilo likiulizwa litaje anwani ile ile. Seva ya katibu ilijiita kwa jina la chama, lakini anwani yake ilitaja jina la kampuni ya kukodisha, nalo jina hilo likiulizwa halikuitaja anwani hiyo: mgeni anayedai katokea Mlimba, na Mlimba hawamjui. Alihangaika kulirekebisha kwa aliyemsajilia kikoa, wakati jina la anwani ya IP huandikwa na mwenye anwani, yule anayekodisha seva.

Kilichommaliza kilitokea nyumbani. Mawakala wa Mang'ula na Malinyi walitaka kutuma kwa simu zao, seva ikawakatalia kwa kuwa haiwajui. Dawa ilikuwa kuwapa majina na nywila wapitie mlango 587. Yeye akaandika kwenye mipangilio kwamba dunia nzima ni mtandao wake wa ndani. Matapeli hutafuta seva za namna hiyo usiku na mchana. Barua taka zikapita kwake kwa wingi, anwani yake ikaingia kwenye orodha nyeusi, na hata zile halali zikakosa pa kupokelewa.

Wewe unayefikiria seva yako, kabla hujalipa muulize anayekukodishia mambo mawili: mlango 25 uko wazi kutoka ndani kwenda nje, na nani ataandika jina la anwani ya IP? Kisha jaribu kwa kutuma nje, Gmail na kwingineko, huku logi iko wazi mbele yako. Ukiona imeandika “sent” na namba 250, ujue seva ya pili imepokea tu. Mpigie simu mpokeaji, umwombe aangalie na kwenye barua taka.