Tumemfukiza Jirani

Wapendwa, mtu amekulia Nyeri bila kujua chafya ni nini. Anakuja Nairobi kutafuta kazi, anapanga chumba juu ya stendi ya matatu, na akikaribia miaka 40 pua yake haikauki tena. Macho yanamwasha. Usiku kifua kinapiga filimbi. Ukimuuliza, anajibu, "Ni homa tu." Homa gani hiyo isiyochemsha mwili, isiyopona Januari hadi Desemba? Wengine wananong'ona kwamba karogwa. Hajarogwa! Tumemfukiza.

Msidanganyike kwamba mzio ni wa watoto peke yao. Unaweza kumwanza mtu ukubwani, na moshi wa mjini unausaidia. Chembe za masizi ya dizeli ni ndogo mno: unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara 20 na zaidi kuliko zile zinazohofiwa sana. Huchubua utando wa pua, hushuka hadi vilindini mwa mapafu, na kuuchochea mwili upigane na vitu ambavyo jana haukuvijali: vumbi la godoro, manyoya ya paka, chavua ya nyasi. Nanyi mnaulaumu mjakaranda! Maskini mti wa watu, chavua yake hubebwa zaidi na nyuki. Umeshtakiwa kwa sababu maua yake yanaonekana, ilhali moshi tumeuzoea.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo cha chembe ndogo kama hizo hewani kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Karibu ulimwengu wote umekivuka, na Nairobi yetu imo.

Nani amekivuka, basi? Usitazame serikali peke yake. Dizeli yetu ilipunguzwa salfa mwaka 2015, lakini mafuta safi yatafanya nini ndani ya injini iliyochakaa? Wewe fundi unayeng'oa kichujio cha moshi chini ya gari la mteja ukauze madini yake, unauza pumzi za watu. Wewe dereva unayeacha injini ikinguruma nusu saa ukingoja abiria, mama mboga aliye nyuma ya ekzosi yako hana pa kuhamia. Na wewe landilodi! Kodi unaikusanya kabla ya tarehe 5, takataka unaziwashia moto nyuma ya ploti, plastiki na yote.

Pumzi ya kwanza ya Adamu ilipitia puani. Mungu hakuona haya kuishughulikia pua ya mtu. Sisi tunaona ni jambo dogo. Tumeagizwa kumpenda jirani, na jirani yako ni yule aliye kule upepo unakoelekea, hata kama humjui jina.

Kifungu cha 42 cha Katiba kimekupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakufungulia mlango wa korti bila kukudai uthibitisho kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikiungana, landilodi atatafuta gari la taka.

Wewe unayekohoa, acha kumeza vidonge vya mafua mwaka mzima. Nenda kliniki wakupime kifua. Dereva, zima injini. Na ninyi wazee wa kanisa, jenereta ile iliyo chini ya dirisha la kwaya iondolewe kabla ya ibada ya Jumapili.