Tasfida Inampunguzia Nani Maumivu?

Kila aliyepitia shule ya upili hapa Kenya ameikariri tasfida. Ni kuweka neno la adabu mahali pa neno kali: ameaga dunia badala ya amekufa, mja mzito badala ya ana mimba. Darasa la Kiingereza nalo lina jina lake, lililotoka kwa Wagiriki, ambalo kiini chake ni "kusema vizuri". Mtahini anataka uitambue kwenye kifungu. Unaitambua, unapata alama zako, maisha yanasonga. Hakuna anayekuuliza swali la pili: kwani aliyesema hivyo alikuwa anamsitiri nani?

Na hilo ndilo swali lenye uzito. Tashbihi ikiwa mbaya, linaloharibika ni shairi tu. Tasfida ikiwa mbaya, mtu anaweza kufa.

Chukua Kenya ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Waingereza waliwafungia watu maelfu kwa maelfu kambini bila kuwafikisha mahakamani. Kwa lugha ya ofisi, watu hao walikuwa "wanarekebishwa". Kuhojiwa, ambako mara nyingi kulikuja na kipigo, kuliitwa "mchujo". Kwenye kambi za Mwea, mbinu ya kuwagawa wakaidi katika vikundi vidogo na kuwavunja kwa nguvu iliitwa "kuzimua", utadhani ni mambo ya juisi. Kisha tarehe 3 Machi 1959, kambini Hola, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa na askari, 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Ona vile safari ilivyoenda: walianza na neno laini, wakafika kwenye uongo mtupu. George Orwell alikuwa ameshaonya mwaka wa 1946, kwenye insha yake kuhusu siasa na Kiingereza, kwamba lugha ya aina hii hutetea yasiyoteteeka.

Sasa, tuitupe tasfida? Wako wanaojigamba kwamba wao husema vitu vilivyo. Haya, nenda matangani ukamwambie mjane vile mwili wa mumewe ulivyokuwa. Huo si ukweli, huo ni ukatili uliovaa nguo za ukweli.

Wengine husema kipimo ni kuelewana: mradi sote tunajua kinachomaanishwa, hakuna aliyedanganywa. Inaonekana sawa mpaka ufikirie chai. Askari akikuambia "toa ya chai", nani hajui anataka nini? Mnaelewana kabisa, na bado unaibiwa mchana. Kwa hivyo kujua peke yake hakutoshi.

Mimi napendekeza kipimo kingine: neno hili linampunguzia nani maumivu, anayeumia au anayeumiza? "Ameaga dunia" linampunguzia mfiwa. "Kuzimua" lilimpunguzia mwenye rungu na bosi wake mezani, ili wote walale usingizi. "Chai" linampunguzia anayepokea. Wewe unayetoa unalirudia tu ili upite uende zako.

Kipimo hiki si rahisi kila mara. Niliacha chuo kabla ya kumaliza. Jirani wakiuliza, mama husema "amepumzika masomo kidogo". Nasikia nikiwa chumba cha pili. Analinda jina langu ama aibu yake? Nadhani ni vyote viwili, na sidhani amefanya dhambi, manake yeye pia anaumia. Lakini neno hilo lina bei yake: mradi "nimepumzika", hakuna anayeniuliza kwa nini niliacha, wala karo ilikuwa kiasi gani. Jirani mwenye mtoto anayeenda kujiunga mwaka ujao angefaidika kujua.

Ndiyo maana naona msamiati huu wa fasihi haukufaa kubaki kwenye karatasi ya mtihani. Tulifundishwa tupige mstari chini ya tasfida. Basi tuendelee kuipiga, kwenye barua ya kampuni inayosema wafanyakazi "wameachiliwa", kwenye hotuba inayosema vijana "walidhibitiwa". Piga mstari, halafu uulize ni nani amelala vizuri kwa sababu ya neno hilo.