Huruma Inayokalisha

Katika nyumba nilizokulia, mgonjwa wa kifua huambiwa akae. Bibi akitaka kujichotea maji, mjukuu humuwahi: "Tulia, bibi, nakuletea." Hiyo ni adabu, na sioni wa kumlaumu mjukuu. Ninachojiuliza ni kama adabu hiyo inamfaa bibi.

Mapafu yaliyoharibiwa na sigara, au na miaka ya moshi wa kuni, hayarudi yalivyokuwa. Lakini anayeugua hivyo hachoshwi na mapafu peke yake. Anaogopa kuhema, kwa hiyo anakaa. Akikaa, misuli ya mapaja inasinyaa. Misuli dhaifu huchoka upesi na kutoa asidi nyingi hata kwa hatua chache, na asidi hiyo inaulazimisha mwili kupumua zaidi. Ndiyo maana mazoezi ya miguu humpunguzia mtu kuhema ingawa kipimo cha mapafu yake hakibadiliki. Ajabu, lakini ndivyo.

Je, ni haki basi kumwambia anayetweta ainuke? Zamani hata madaktari waliagiza mapumziko. Mmarekani Alvan Barach aliandika mwaka 1952 kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi walipata nafuu, na bado ilichukua miaka mingi wenzake kumfuata. Sidhani kilichowazuia ni ujinga tu. Kumtazama mtu akitafuta hewa kunatisha, na pengine tunamkalisha ili hofu yetu sisi itulie.

Wanaohubiri kujikaza nao siwaelewi, kana kwamba pumzi ni suala la ujasiri. Napenda zaidi jaribio la Toronto lililochapishwa mwaka 2008. Wagonjwa waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa mguu mmoja dakika 15, kisha kwa mwingine dakika 15, mara tatu kwa wiki, kwa wiki saba. Misuli inayofanya kazi kwa wakati mmoja ikiwa michache, mapafu mabovu yanaimudu, na kila mguu unapata kazi ya kutosha. Uwezo wao wa mazoezi uliongezeka kuliko wa wenzao waliotumia miguu yote miwili. Hapo mgonjwa hakuachwa akae, wala hakuambiwa avumilie tu. Mzigo uligawanywa.

Nyumbani baiskeli hiyo hatuna. Kiti tunacho: daktari akishampima, mgonjwa anaweza kuinuka na kukaa mara chache, akapumzika, akarudia. Kwa mtazamo wangu, kazi ngumu zaidi ni ya yule aliyesimama pembeni akihesabu, mikono ikimwasha kumshika.