Mtungi wa Senti Thelathini

Yafaa tuulize: kitu hupata thamani yake wapi? Je, ni katika bei yake, ama katika mioyo ya watu? Sikilizeni habari hii ya Marekani, kisha mpime wenyewe.

Tarehe 31 Oktoba 1903, wanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan walifika mjini Minneapolis kushindana na wenzao wa Minnesota. Mpira wa mchezo wao una umbo kama la yai, na mara nyingi hubebwa mikononi. Fielding Yost, mwalimu wa Michigan, alitaka vijana wake wawe na maji yao wenyewe. Basi ukanunuliwa mtungi wa udongo, kwa senti 30, kama isimuliwavyo. Wakatoka sare, 6 kwa 6. Wageni wakaondoka, mtungi wakausahau. Oscar Munson, mtunza vyombo wa Minnesota, akauokota.

Je, kuokota ndiko kumiliki? Sivyo. Kilichosahauliwa kina mwenyewe. Lakini mwaka 1909 pande zote mbili ziliushindania mtungi huo kwa mapatano. Michigan wakashinda, wakaurudisha kwao. Tangu hapo mshindi huuchukua, na hesabu ya kila mchezo huandikwa ubavuni mwake.

Fikirini sasa. Walioshindwa wangeweza kuuficha. Lakini wangebaki na nini? Chombo cha udongo tu, cha kutekea maji. Heshima yote ya mtungi yatoka katika uaminifu wa yule anayeutoa huku moyo wake ukimuuma. Mshindi hupokea tuzo. Aliyeshindwa ndiye anayeipa thamani.

Na kwetu je? Vijana wa vijiji viwili wakicheza, pengine walioshindwa humtukana mwamuzi, hukataa kumtoa mbuzi aliyewekwa kuwa zawadi, na wageni hurudi kwao wakitupiwa mawe. Wadhani wamejiepusha na aibu. Kumbe mbuzi wamebaki naye, neno lao wamelipoteza. Tena nani atakubali kucheza nao mwaka ujao? Wazee walisema kweli: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Basi, ndugu, siku utakaposhindwa, uwanjani ama katika shauri mbele ya wazee, usiitazame mikono ya mshindi. Itazame yako, kama imetoa kwa haki yale uliyoyaahidi.