Aliyewahi Ndiye Anayesubiri

Lalamiko ni lile lile, hata anayelileta awe ametoka Nyasho, Makoko au Kinesi ng'ambo: televisheni mpya, saundiba mpya, lakini mtangazaji anafunga mdomo na sauti yake bado inakuja. Wengine huamini wameuziwa feki. Kwa kawaida si feki. Vifaa vyote viwili ni vizima na kila kimoja kinafanya kazi yake, ila kila kimoja kina muda wake. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Musoma, na kwa upande mwingine ni mzee wa kanisa katika Kanisa la Mennonite, lile lililoanzia Shirati mwaka 1934. Kazi hizo mbili zilikaa miaka mingi bila kuwa na la kuambiana, mpaka mwalimu mmoja mstaafu wa Bunda aliponiuliza swali ambalo tangu siku ile sijaacha kulifikiri.

Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe. Enzi za televisheni za kichogo, picha na sauti zilifika pamoja na kutoka pamoja, hapakuwa na kitu cha kuzitenganisha. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia Dar es Salaam, tukaingia kwenye ving'amuzi. Sasa picha hufika imebanwa. Televisheni inaifungua, inaipanua ijae kioo, inailainisha ili mpira usirukeruke, na kila hatua inakula milisekunde zake, yaani sehemu za elfu za sekunde. Sauti nayo ikipelekwa kwenye saundiba kwa bluetooth hubanwa, hukatwa vipande, hurushwa, hukusanywa upya ndipo isikike. Safari hiyo inaweza kufika milisekunde 200. Inaonekana ndogo, lakini ndani ya muda huo mtu ametamka silabi nzima.

Mwalimu wa Bunda masikio yake yamepungua. Wanawe wanaofanya kazi Mwanza walimnunulia saundiba ili asikie vizuri Misa ya Jumapili, maana magoti hayamruhusu tena kufika kanisani. Nilipoingia nikamwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone padri huyu anavyosema maneno ya mwenzake."

Kwa kijana mwenye masikio mazima, sauti ikichelewa ni kero tu. Kwa mwalimu ilikuwa hasara kamili, kwa sababu yeye husikia kwa macho pia. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Uingereza, McGurk na MacDonald, walionyesha jambo hili kwa namna ya ajabu: chukua picha ya mdomo unaosema "ga", weka juu yake sauti inayosema "ba", na watu wengi watasikia "da", silabi ambayo hakuna aliyeitamka. Kumbe jicho halikai pembeni likilisaidia sikio. Lina kauli katika kile tunachokisikia. Kabla ya saundiba, mwalimu alikuwa anapata nusu ya neno kwa sikio na nusu kwa midomo ya padri. Zawadi ya wanawe iliongeza ukubwa wa sauti na kuvunja ule ushirikiano, naye akabaki na kelele safi isiyoeleweka.

Nilizima bluetooth. Nikachomeka waya wa HDMI, upande mmoja kwenye tundu la televisheni lililoandikwa ARC, upande wa pili kwenye tundu kama hilo la saundiba. Tundu la kawaida halirudishi sauti nje, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwenye mipangilio ya sauti nikachagua PCM, yaani sauti isiyobanwa, ili saundiba isipoteze muda kufungua kilichofungwa. Sauti ikaja mbio, ikaipita picha. Hilo lilinifurahisha, kwa sababu sauti iliyowahi inatibika. Nikaanza kuichelewesha kwa rimoti, milisekunde 10 kwa 10, macho yangu yakiwa kwenye midomo ya padri, kwenye zile herufi zinazotaka midomo igusane: b, p, m. Mwenye kupima kwa sala za Kiswahili hapati shida, Baba na Mama wamejaa humo. Midomo ilipofunga na sauti ikafunga hapo hapo, mwalimu akaanza kuitikia.

Jambo moja katika mipangilio hiyo nataka msomaji aliangalie. Kitufe cha kuchelewesha kipo. Cha kuharakisha hakipo. Hata pale panapoandikwa namba hasi, kinachofanyika ni kupunguza ucheleweshaji uliokuwa umewekwa tangu kiwandani. Kilichochelewa hakisukumwi kikafika kabla ya safari yake kuisha. Unaweza kukifupishia njia, kama nilivyofanya kwa waya. Baada ya hapo, namna pekee ya viwili kuwa pamoja ni kile kilichowahi kukisubiri kile cha nyuma.

Nikiwa nakunja waya wangu, mwalimu akaniuliza kama sasa anamwona padri anaposema hasa. Nikamweleza ukweli. Matangazo ya king'amuzi cha dishi hupanda hadi setelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha hushuka. Safari hiyo peke yake ni kama robo ya sekunde, bado kubanwa na kufunguliwa, na kwa jumla zinaweza kupita sekunde kadhaa. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ninapoitikia amina, wenzangu wamekwisha kuitikia."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi niambie, mwanangu, wewe ni mzee wa kanisa. Nimesali pamoja nao, au nimesali nyuma yao?"

Jibu la haraka lipo, na ni la zamani. Boethius, aliyeandika akiwa gerezani katika karne ya 6, alifundisha kwamba umilele wa Mungu ni kuwa na uhai wote kwa mara moja, bila jana wala kesho. Kwa jibu hilo amina ya Bunda na amina ya kanisani zinasikika mbinguni kwa pamoja, na mjadala umeisha. Sina ugomvi na Boethius. Lakini jibu lake limetolewa kutoka kiti cha Mungu, na mwalimu alikuwa ameuliza kutoka kiti chake mwenyewe, sebuleni. Alitaka kujua kama pamoja ipo huku chini.

Kuitafuta pamoja hiyo, nenda asubuhi Mwigobero hapa Musoma, simama mbali kidogo na mafundi wa mitumbwi. Utaona nyundo inatua kwenye msumari, kisha ndipo usikie mlio. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo fundi aliye mita 170 mlio wake unakufikia nusu sekunde baada ya pigo. Tangu kuumbwa kwa ulimwengu hakuna nyundo iliyosikika kabla ya kuonekana. Mwili unalijua hilo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa mapendekezo mwaka 1998 kuhusu ulinganifu wa sauti na picha: watazamaji huanza kushtuka sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 tu, lakini ikichelewa hawashtuki mpaka ifike karibu 125. Tumeumbwa na subira kubwa kwa kinachochelewa na subira ndogo kwa kinachotangulia. Na subira hiyo inafundishika. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba mtu akikaa dakika chache na sauti iliyoachana na mwanga wake, ubongo husogeza mpaka wake na kuanza kuona kwamba hivyo ndivyo vitu vinavyokwenda pamoja.

Ukijumlisha namba za ITU unapata upana wa karibu milisekunde 170. Kwangu hiyo ni habari ya kiroho. Agostino, Mwafrika wa Thagaste, iliyo Algeria ya leo, alihangaika katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake kwa sababu kila alipojaribu kuushika wakati uliopo aliukuta hauna urefu wowote: ukiukata, nusu imeshapita na nusu haijafika. Padri John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alidai kwamba wakati uliopo, kwa Waafrika aliowachunguza, una upana, unabeba kilichotokea punde na kinachokaribia. Wasomi wengi wamempinga kwa aliyoyasema juu ya wakati ujao, na nadhani walikuwa na haki. Kuhusu upana, nakubaliana naye kwa ushahidi wa mezani kwangu. Wakati uliopo una nafasi ndani yake. Sikio na jicho haviingii kwa mpigo. Aliyefika anashikiliwa mpaka mwenzake afike, ndipo tunaposema "sasa". Kwa hiyo sasa yenyewe, kabla hujaijadili, imetengenezwa kwa kusubiriana.

Mikutano ya injili uwanjani inaendeshwa vivyo hivyo. Spika za nyuma zikiachwa zipige mara tu umeme unapozifikia, waliokaa mita 70 kutoka jukwaani watasikia neno mara mbili, kwanza kutoka spika iliyo karibu, kisha kutoka mbele. Fundi anayejua kazi huzichelewesha zile za nyuma kama milisekunde 200, zingoje sauti ya mbele iwasili kwa miguu yake. Sijasikia mtu akisema benchi la mwisho halisali pamoja na la kwanza.

Lakini si kila kilichoachana kinaweza kusubirishwa kikakutana, na hili nililiona vizuri Butiama. Mzee mmoja alitaka televisheni yake itengenezwe kabla ya tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1999 na kuzikwa hapo hapo Butiama. Mjukuu alikuwa amemletea kwenye flashi kipande cha hotuba, na midomo ya Mwalimu haikuendana na maneno hata kidogo. Nikaichelewesha sauti, nikaupunguza ucheleweshaji, wapi. Mwishowe nikamwambia mzee kwamba sauti ni ya hotuba moja na picha ni ya siku nyingine, mtu ameviunganisha tu. Ikumbukwe Mwalimu aliondoka Ikulu mwaka 1985, na televisheni Tanzania Bara ilianza 1994. Kizazi kizima cha bara kilimjua kwa redio.

"Zima picha, mwanangu," mzee akasema. "Sisi tulimjua kwa sauti."

Hapo jibu la mwalimu wa Bunda likaanza kunikalia sawa. Kuchelewa hakuvunji umoja wa vitu vilivyotoka chanzo kimoja. Huvitenganisha kwa muda, na subira huvirudisha. Vitu visivyowahi kuwa kimoja, hata ukivipanga vikaanza na kuisha kwa sekunde ile ile, havina pamoja yoyote. Ndugu zetu Wakatoliki, ambao tangu mwaka 2005 wanamwita Nyerere Mtumishi wa Mungu na kuendelea kuchunguza maisha yake, wanauliza jambo la namna hiyo hiyo wanapoweka maneno ya mtu kando ya matendo yake: vimetoka kwa mtu mmoja, au vimeunganishwa baadaye? Niliporudi Bunda nilimwambia mwalimu kwamba amina yake imetoka katika sala ile ile, kwa hiyo amesali pamoja nao. Akacheka akasema, basi wao ndio wajifunze kunisubiri.

Alisema kwa kicheko, lakini mimi nimelichukua kama agizo, hasa kuhusu misiba. Kwenye misiba yetu huku Mara, mfiwa hajamaliza hata kilio cha kwanza, tayari kuna mtu kashika kipaza sauti anatangaza kwamba Mungu hachelewi. Mimi siwezi tena kuyasema maneno hayo. Katika Injili ya Yohana, Yesu anapata habari kwamba Lazaro anaumwa, naye anabaki alipo siku mbili zaidi. Anapofika, Lazaro ana siku nne kaburini, na Martha anamwambia usoni kwamba angekuwepo, ndugu yake asingekufa. Yesu hamkemei. Hamwambii kwamba kwa saa ya mbinguni amefika kwa wakati. Anamwacha aseme kuchelewa kwake kama alivyokuona yeye Martha, kisha anamkuta Mariamu, dada yake Martha, analia, naye analia. Yeye aliyejua tangu njiani atakachokifanya pale kaburini, aliyekuwa mbele ya wote kwa tumaini, alijizuia akasimama kwanza walipokuwa wamesimama dada wawili.

Ndiyo maana nimeomba kanisani kwetu kwamba siku ya kwanza ya msiba kwaya isiimbe nyimbo za ufufuo mpaka wafiwa wenyewe waziombe. Tuimbe za maombolezo, au tukae kimya tukichota maji na kupasua kuni. Wapo wazee wenzangu wasioafiki. Wanasema tumaini ndilo jambo pekee tulilo nalo la kumpa mfiwa, na kulificha hata kwa siku moja ni kumnyima. Hoja yao ni nzito na sijaimaliza. Ninachowajibu ni kwamba hakuna anayelificha. Linashikiliwa tu, na wenye kulishika ni sisi tuliofika mapema.