Je, Khiyana ni Maumbile ya Wanasiasa?

Kuna neno lililoenea katika mabaraza yetu, nalo ni kwamba mwanasiasa huzaliwa mwizi, wala hapana haja ya kumlaumu, kwani ndiyo tabia yake. Husemwa kwa kicheko, kahawa ikizunguka. Sisi twaliona neno hili kuwa la hatari katika dini, na tutalipima kwa mambo yaliyotokea bara, Kajiado na Kitengela, ambako wengi wetu twapajua kwa kupita tu tuendapo Namanga.

Mwaka 1968 Serikali ya Kenya ilitunga sheria ya ardhi za pamoja za wafugaji. Kundi la Wamasai liliandikishwa ranchi yake, na wanachama wakachagua wawakilishi wasiopungua watatu wala kuzidi kumi. Sheria iliwataka waishike ardhi kwa manufaa ya wote, na washauriane na wenzao. Kwa lugha yetu hiyo ni amana. Na watu hao hawakuwa wanasiasa. Walikuwa wafugaji kama majirani zao, wakinywesha ng'ombe mto mmoja. Kisha, hasa tangu miaka ya 1980, ranchi zikaanza kugawanywa ili kila mtu apate hati yake, na ya Kitengela ilikuwa miongoni mwao. Waliochunguza habari za Kajiado wameandika kuwa katika ranchi kadhaa wajumbe wa kamati na jamaa zao walijipimia vipande vikubwa, matajiri wakapata zaidi ya maskini, na wajane na vijana wengi wakaachwa nje ya daftari.

Je, watu hawa walizaliwa na khiyana? Sisi tumefundishwa kuwa kila mtoto huzaliwa juu ya fitra. Damu yao haikubadilika. Lililotokea ni kwamba mkono ulioshika kamba ya kupimia ndio ule ule uliopokea fungu, na wa kuuliza hakuwapo, au alikuwapo akanyamaza.

Simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi huvuka kuingia Kitengela akala mbuzi wa watu, wala hapana amwitaye mkhaini, kwani hakukabidhiwa kitu, na kula nyama ndiyo maumbile yake. Asemaye kuwa mwanasiasa ni vivyo hivyo amemwondolea hesabu ya Siku ya Kiyama. Adhani amemtukana, kumbe amemtetea.

Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporudi alitenga mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume hakusema kuwa ndiyo desturi ya watoza zaka. Alimkasirikia, akamwuliza mbona hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hizo zingemfuata huko. Kisha akapanda mimbari akawaonya watu wote. Wajumbe wale wa Kajiado wangaliulizwa swali hilo hilo: kipande hiki ungalikipata lau usingalikuwa mjumbe?

Twakubali jambo moja. Wapendao ukubwa ndio wajitokezao zaidi, na Mtume alikataa kumpa kazi aliyeiomba. Basi huenda ubaya uko katika chujio letu. Na aliyelitoboa ni nani, kama si yule apokeaye noti usiku wa kuamkia uchaguzi, akaiita chai? Katika rushwa mtoaji na mpokeaji wamelaaniwa pamoja. Katiba ya Kenya ya 2010 ina sura nzima, ya sita, juu ya uongozi na uadilifu, lakini haimkatazi mtu kufumbua kiganja gizani.

Sheria ile ya 1968 ilifutwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, itakayo theluthi mbili ya wanajamii wakubali kabla ya ardhi yao kutolewa. Kitengela ilikuwa imekwisha gawanywa zamani.

Wala sisi wa pwani tusiwacheke. Tuna mali za wakfu, tuna kamati za misikiti na madrasa zilizochaguliwa na watu kumi waliobaki baada ya sala. Msomaji na akumbuke ni lini aliposikia mara ya mwisho hesabu za msikiti wake zikisomwa, na kama alikaa mpaka zikamalizika.